Kunde Kutoka Chupani: Mazungumzo na Wakulima wa Mikunde



Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi wenu mmekwisha kulisikia, lakini ni wachache waliopata kuelezwa vizuri. Jambo lenyewe ni kuotesha mimea chupani. Wenzetu wenye migomba wanalijua. Wamenunua miche midogo iliyolelewa katika maabara, wakaipanda, wakaona mikungu yake. Basi kila penye mkutano wa namna hii swali huulizwa: kama mgomba waweza kutoka chupani, mbona kunde, maharage, mbaazi na dengu hatuletewi miche yake? Na mwingine huongeza: je, siku mtu akinijia na sanduku la miche ya kunde ya chupa, ninunue?

Hilo la mwisho nitalijibu sasa hivi, ili yule mwenye haraka ya kurudi kuangalia ng'ombe aondoke nalo. Usinunue. Kunde iliyooteshwa chupani humfikia mkulima katika umbo la mbegu, wala si katika umbo la mche. Anayekuuzia mche wa kunde kwa bei ya mche wa mgomba anakula fedha yako bure. Sababu zake ndizo nitakazozieleza, nazo zataka uvumilivu kidogo, kwa kuwa jamii ya mikunde ni kaidi kuliko mimea mingi ikiingizwa chupani.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Wote mnajua kwamba ukikata kipande cha shina la muhogo ukakichomeka ardhini, kinatoa mizizi chini na machipukizi juu, na kinakuwa mmea mzima. Viazi vitamu navyo twavipanda kwa marando. Hapo hakuna aliyepanda mbegu. Maana yake ni kwamba kipande cha mmea kina kumbukumbu ya mmea mzima ndani yake. Mwaka 1902 mtaalamu mmoja wa Austria, jina lake Gottlieb Haberlandt, aliandika maneno makubwa zaidi: kwamba hata chembe moja hai ya mmea, yaani seli moja isiyoonekana kwa macho, ikipewa chakula inachokitaka, ingeweza kukua mpaka iwe mmea mzima. Yeye mwenyewe alijaribu asifaulu. Chakula hicho hakuna aliyekijua.

Miaka zaidi ya 50 ikapita. Mwaka 1958 F. C. Steward, katika Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, na Jakob Reinert katika Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha jambo hilo kwa karoti. Walichukua chembe za mzizi wa karoti, wakazilea, zikafanya vijimea vidogo. Na hapa pana neno la kuwafurahisha watu wa pwani: Steward alizilisha chembe zake maji ya nazi. Hata kabla yake, mwaka 1941, Johannes van Overbeek na wenzake walikuwa wameyatumia maji hayohayo kulea viini vichanga vya mbegu vilivyokuwa vikiwafia. Mwenye mnazi hatashangaa. Maji ya nazi yamewekwa mle ili kukilisha kiini cha nazi, basi yana kila kitu anachohitaji mtoto wa mmea.

Baadaye wataalamu walichambua ni kitu gani hasa kinachouamrisha mmea kuchipua. Mwaka 1957 Skoog na Miller, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, walieleza walichokiona katika vipande vya tumbaku. Kuna homoni mbili za mimea: moja huitwa oksini, nyingine sitokinini. Oksini ikizidi, kipande hutoa mizizi. Sitokinini ikizidi, kipande hutoa machipukizi. Zikikaribia kulingana, kipande hufanya donge tu, kama nundu, lisilo na shina wala jani. Mwaka 1962 Murashige na huyohuyo Skoog wakatangaza orodha ya chumvi na vyakula vingine vya kuwekwa chupani, nayo hutumika mpaka leo katika maabara nyingi za dunia.

Sasa mngeingia katika maabara ya namna hiyo, mngeona nini? Mngeona uji mzito kama uji wa mgonjwa, ndani ya chupa. Una maji, sukari kiasi cha gramu 30 kwa lita, zile chumvi, na homoni kidogo sana. Kinachougandisha ni aga, nayo hutoka katika mwani wa baharini. (Si mwani ule unaolimwa Unguja na Pemba, bali jamaa yake mwingine.) Chupa hupikwa kwa mvuke wenye nguvu, joto la nyuzi 121, kwa dakika 15 au 20, ili kila kijidudu kife. Kipande cha mmea nacho huoshwa kwa dawa ya klorini. Usafi huu si wa maonyesho. Uji wenye sukari ni karamu ya ukungu. Ukiingia ukungu mmoja tu, kesho yake chupa imeota manyoya na kazi imekwisha. Kisha chupa huwekwa katika chumba chenye taa, joto la nyuzi 25 hivi, na mfanyakazi hungoja. Vipande vikichipua hukatwa tena na kuwekwa katika chupa mpya. Machipukizi yakitoa mizizi, miche hutolewa na kuzoezwa hewa ya nje polepole kivulini, kwa sababu mmea uliolelewa chupani una ngozi laini na jua la siku moja laweza kuukausha.

Mgomba hukubali mambo haya yote bila ugomvi. Ncha moja ya chipukizi hutoa machipukizi mengi, na hayo hukatwa yakatoa mengine. Faida yake kwa mgomba ni kubwa, maana ndizi tunazokula hazina mbegu, na machipukizi ya shambani huchukua minyoo na magonjwa kutoka shamba hadi shamba. Chupa hukata njia hiyo.

Mikunde je? Si yote iliyo migumu. Lusini, lile jani la kulishia ng'ombe wa maziwa, ni la jamii ya mikunde, na mwaka 1972 Saunders na Bingham wa Wisconsin waliliotesha upya kutoka katika donge. Lakini tazama: lusini ni majani. Zile mbegu ambazo binadamu anazipika, ndizo zilizokataa. Chukua jani la kunde, lioshe, likate, liweke katika uji niliousema. Litafanya donge, tena donge zuri la kijani, nono. Ulibadilishie homoni unavyotaka. Mara nyingi litaendelea kunenepa tu, kama mtu mvivu anayekula vizuri, pasipo kutoa hata chipukizi moja. Kipande cha maharage mara kwa mara hugeuka rangi ya kahawia mahali kilipokatwa, kama bilinganya uliyoikata ukaiacha mezani, kisha sumu inayotoka katika kidonda hicho hukiua. Dengu hukubali kuchipua, lakini ukiingoja mizizi hungoja mpaka uchoke. Wataalamu wamelazimika kuibebesha, kama sisi tunavyobebesha mchungwa juu ya mlimao: chipukizi la chupani huwekwa juu ya shina la mche wa dengu uliootea mbegu, likapata mizizi ya kuazima. Na kuna taabu nyingine. Aina moja ya kunde huchipua, na aina ya pili, iliyolimwa shamba la jirani, hunyamaza kabisa katika uji uleule.

Mahali ambapo kunde hukubali ni pamoja tu, na mahali hapo kila mmoja wenu anaweza kupaona nyumbani. Loweka punje ya kunde usiku kucha. Asubuhi imenye ganda, kisha ipanue polepole. Utaona nusu mbili nono, ambazo ni chakula cha mtoto, na katikati yake kiini kidogo chenye mzizi upande mmoja na vijani viwili vimekunjwa upande wa pili. Pale nusu zile zinaposhikana na kiini pana kifundo. Hapo ndipo penye chembe ambazo hazijaamua bado kuwa jani au shina. Fundi hukipasua kiini hicho kwa wembe mkali, kwa urefu, akakiweka chupani pamoja na kifundo chake. Hakitoi donge kwanza. Chembe za kifundo huchipua moja kwa moja. Chipukizi hilo, likitunzwa, hutoa mizizi, huenda katika chungu cha udongo, hutoa maua, na huzaa maganda yenye punje.

Hapa mtaniuliza: kuna haja gani? Kunde ina mbegu yake. Ukitaka mimea elfu, panda punje elfu. Kwa nini mtu mwenye akili zake apasue punje kwa wembe ili apate mmea ambao punje ileile ingempa bila taabu?

Swali hilo ni sawa kabisa. Kama shabaha ni wingi wa mimea, chupa ya kunde ni upuuzi. Fanyeni hesabu. Tuseme mmea mmoja wa kunde unazaa punje 60. Ukizipanda zote zikaota, msimu wa pili una punje 3,600. Msimu wa tatu zimekuwa 216,000. Hakuna maabara itakayoshindana na hesabu hiyo kwa bei. Ndiyo maana nimesema anayeuza miche ya kunde ya chupa anakula fedha yako.

Chupa ya kunde ina kazi nyingine. Inatumika pale tunapotaka kuipa kunde kitu ambacho jamaa zake wote hawana, hata ukiwatafuta kutoka Singida mpaka Senegali. Kitu hicho huwekwa katika chembe chache, na chembe hizo lazima zioteshwe ziwe mmea. Kama huwezi kuziotesha, kazi yako yote imebaki ndani ya chupa. Kwa kunde, mlango huo ulibaki mgumu kufunguka kwa miaka mingi.

Adui aliyewafanya wataalamu waendelee kuusukuma mlango huo mnamjua vizuri. Ni funza mtoboa maganda, ambaye jina lake la kitaalamu ni Maruca. Mama yake ni nondo mdogo arukaye usiku. Hutaga mayai juu ya vitumba vya maua na maua yenyewe. Funza akitoka huingia ndani ya ua na kulila kutoka ndani; hushona maua na majani pamoja kwa nyuzi zake, akakaa mle kama mwenye nyumba. Akikua hutoboa ganda, akala punje moja baada ya nyingine, na kinyesi chake hukiona mlangoni pa tundu. Mkulima hupita shambani akaona kijani kimestawi, akafurahi, na siku ya kuchuma anakuta maua yalipukutika na maganda ni matupu. Mahali alipokaa vibaya funza huyu huweza kuchukua mpaka asilimia 80 ya mavuno. Na dawa haimfikii vizuri kwa sababu amejificha. Ndipo mkulima hupuliza tena, na tena, na jirani humwambia aongeze kipimo. Kwetu sisi hapo pana hatari kubwa ambayo nchi nyingine hawana kwa kiasi hicho: majani ya kunde ni mboga. Mama anachuma mboga ya jioni katika shamba lililopulizwa asubuhi.

Katika kunde zote zilizojaribiwa haikupatikana kunde yenye kinga kamili ya funza huyu ambayo ingeweza kuchanganywa na kunde za kulima. Basi wataalamu wakatazama kwingine. Kuna bakteria wa udongoni, huitwa kwa kifupi Bt, ambaye hutengeneza protini inayoharibu matumbo ya viwavi. Wakulima wa mboga wa nchi nyingi wamekuwa wakiitumia kama dawa ya kupuliza. Na kuna bakteria mwingine wa udongoni, Agrobakteria, ambaye kwa asili yake huingiza sehemu ya urithi wake ndani ya chembe za mimea na kuzifanya zivimbe. Wataalamu wamemfanya mchukuzi: wamemwondolea mzigo wake wa uvimbe, wakampa mzigo wa kinga, akaupeleka ndani ya chembe za kifundo cha kunde.

Katika Australia, katika shirika la serikali la utafiti liitwalo CSIRO, T. J. Higgins na wenzake walishika kazi hii. Mwaka 2006 walitangaza njia yao, na mambo waliyoyapata ni yale yale niliyowaeleza: watumie kifundo cha punje, wasitie oksini mwanzoni, watie sitokinini kidogo tu. Sasa sikilizeni matokeo yake. Katika kila vipande 1,000 walivyoviweka chupani, walipata mmea 1 uliopokea mzigo, ukaota, ukazaa mbegu, na mbegu zake zikaurithi. Mmoja katika elfu! Mkulima angepanda punje elfu ikaota moja, angewapa kuku shamba. Lakini wao walitaka mmoja tu, kwa sababu hesabu ya punje 60 mnaijua.

Mmea wa namna hiyo hauchukuliwi kama ulivyo ukapelekwa sokoni. Kupita chupani peke yake kwaweza kuharibu urithi wa mmea. Mwingine hutoka na majani ya mabaka, mwingine tasa, mwingine mfupi kuliko mama yake. Kwa hiyo watoto, wajukuu na vitukuu vyake hupandwa, hupimwa, na wenye kasoro hung'olewa. Katika ukoo mwingi uliotoka chupani mmoja ulichaguliwa, nao huitwa 709A. Ukachanganywa kwa njia ya kawaida, ua kwa ua, na kunde za Afrika Magharibi. Majaribio ya shambani yalifanyika Nigeria chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ya Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello, Zaria, na mpango mzima ukaratibiwa na shirika la AATF lenye makao yake Nairobi. Serikali ya Nigeria ilitoa kibali mwaka 2019, na mwaka 2021 mbegu ikaanza kuingia katika mashamba ya wakulima kwa jina la SAMPEA 20-T. Ghana nayo ilitoa kibali chake mwaka 2022. Waliotoa mbegu hii wanasema mkulima aliyekuwa akipuliza dawa mara 6 au 8 kwa msimu sasa zamtosha mara 2.

Mara 2, sikusema bila dawa. Jambo hili watu hulisahau, nami napenda lishikwe. Protini hii huwapata viwavi. Vidukari hawaijali. Kunguni wafyonzao maganda hawaijali. Vithiripsi wa maua vilevile. Na yule fukusi anayezibungua kunde ghalani, yeye ni wa jamii ya mbawakawa, hutafuna kunde hizi kama nyingine. Mtu akikuambia kuna kunde isiyoshambuliwa na mdudu yeyote, mwulize anauza nini.

Hapa kwetu Tanzania mbegu hiyo haijatolewa kwa wakulima. Mambo ya mimea iliyobadilishwa urithi yana sheria yake, na serikali za Afrika hazikuamua sawasawa. Wako wanaoipenda teknolojia hii na wako wanaoihofia, na pande zote wamo watu wenye elimu. Mimi naona lifaalo ni mkulima ajue kitu chenyewe ni nini, ili atakapoulizwa rai yake asijibu kwa uvumi. Kuotesha chupani ni jambo moja. Kuingiza urithi mpya ni jambo la pili. Mgomba wa chupa uliopanda haukuingizwa chochote. Ni mgomba uleule uliosafishwa. Kunde ya Nigeria imepita katika mambo yote mawili. Msiyachanganye haya.

Nanyi msidhani Waafrika wa Magharibi wako peke yao. Brazili hula maharage kila siku kama sisi, na huko ugonjwa wa virusi unaoletwa na inzi weupe hugeuza mashamba kuwa ya manjano ya dhahabu. Wataalamu wa shirika lao la Embrapa hawakuweza kulifanya donge la maharage lichipue. Wakaliacha donge, wakatumia ncha ya kuchipua iliyomo ndani ya kiini cha punje, wakaulenga urithi mpya papo hapo. Kibali kilitolewa mwaka 2011. Karanga ni rahisi zaidi: taasisi ya ICRISAT katika India ilitangaza mwaka 2000 njia ya kutumia nusu za punje kavu ya karanga, nazo huchipua kwa wingi. Mbaazi bado ni ya kubembelezwa.

Sasa tuje kwenye shamba lako mwenyewe, kwa maana huko ndiko faida ya maneno yote haya ilipo, hata kama mbegu ya chupani haitafika kijijini kwako maishani mwetu.

Ua la kunde hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri, na mara nyingi limekwisha kujichavusha lenyewe. Kwa hiyo mtoto wa kunde hufanana na mama yake. Mbegu bora uliyonunua mara moja, iwe ni Tumaini, Fahari au Vuli 1 kutoka Ilonga, au aina nyingine yoyote, unaweza kuiweka mwenyewe msimu baada ya msimu, ikabaki ileile. (Mbaazi siyo hivyo. Nyuki huzichanganya, na mbegu ya mbaazi iliyopandwa karibu na shamba la jirani huharibika ukoo upesi.) Lakini kuweka mbegu si kuchota katika gunia la kula. Angalieni wataalamu walivyofanya: katika mimea mingi walichagua ukoo mmoja, na wenye kasoro wakaung'oa. Kazi hiyo unaweza kuifanya bila chupa na bila taa.

Ianze wakati kunde zina maua, usingoje mavuno. Pita shambani na vipande vya kamba. Funga kamba katika mimea iliyo mizima, yenye maganda mengi, isiyo na majani yaliyokunjamana wala mabaka ya kijani kibichi na kijani kilichopauka. Mabaka hayo ni dalili ya virusi, na virusi vingine vya kunde na maharage hukaa ndani ya punje, vikaota pamoja na mbegu msimu ujao. Mgomba tunausafisha chupani. Kunde huisafishi popote isipokuwa hapo, kwa macho yako. Mmea wenye mabaka uking'olewa mapema, vidukari hawatapata mahali pa kuchota ugonjwa na kuupeleka kwa wengine.

Mimea iliyofungwa kamba usiichume majani ya mboga kwa wingi. Nimeona mahali pengi mimea iliyo bora ndiyo inayochumwa zaidi, kwa kuwa majani yake yanapendeza, na mimea dhaifu inaachwa izae mbegu. Kwa njia hiyo mkulima anachagua ubaya kila mwaka. Tenga mistari miwili mitatu ya mbegu, waambie watu wa nyumbani, mboga ichumwe kwingine.

Juu ya funza, kagua vitumba vya maua mara vinapotokea, mara mbili kwa juma. Fungua maua machache uone. Ukiwakuta, dawa ipulizwe wakati huo, saa za jioni wanapotoka kula, wala si wakati maganda yamekwisha kutobolewa. Fuata kipimo kilichoandikwa na siku za kungoja kabla ya kuchuma. Kupanda mapema husaidia, na wote wa jirani wakipanda pamoja husaidia zaidi. Maganda yaliyotobolewa yaokote uyateketeze.

Maganda ya mimea ya kamba yakaukie shambani, yachumwe peke yake, yapurwe kwa mkono. Punje iliyo kavu sawasawa hulia ukiiuma, haiachi alama ya jino. Iwekwe katika gunia la tabaka tatu lisilopitisha hewa, au debe au chupa iliyojazwa mpaka shingoni na kufungwa vizuri. Fukusi hupumua kama wewe. Akikosa hewa hufa. Usifungue kila wiki kumwonyesha shemeji.

Mama mmoja wa hapa ameuliza kabla ya mkutano: kama kunde ile ya Nigeria ina sumu ya kuua funza, anayekula majani yake je? Protini ile hufanya kazi katika tumbo la kiwavi, lenye magadi, na kushika mahali maalumu katika ukuta wa tumbo hilo; tumbo la mtu lina uchachu, na mahali hapo hapana. Wakaguzi wa Nigeria waliipima kwa chakula cha watu na mifugo kabla ya kibali. Mzee mwingine ameuliza kama funza hatazoea. Aweza kuzoea. Viwavi wa mazao mengine wamekwisha kuzoea protini za namna hii katika nchi nyingine, ndiyo sababu wataalamu wanatafuta kinga ya pili ya kuweka pamoja na ya kwanza. Na kila kinga mpya ya kunde itabidi ipite katika kifundo kilekile, kwa wembe uleule, na kungoja mmea wake.

Walio na mbegu zao hapa wazilete mezani tuzikague pamoja. Nina bakuli za maji, na kunde zilizolowekwa jana zipo tayari kupasuliwa. Kila mtu achukue punje moja akitafute kifundo.